Johannesburg: shule ya sanaa na watoto waliosomea nje ya lango

Shule ya Taifa ya Sanaa mjini Johannesburg ilifunguliwa mwaka 1966 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Leo ni shule ya umma inayopokea watoto wa rangi zote. Hata hivyo, elimu ya sanaa katika jiji hilo ina historia ndefu kuliko ya shule hiyo, na sehemu kubwa yake ilitengenezwa na watu ambao sheria iliwazuia kuvuka lango lake.

Kaskazini ya katikati ya jiji la Johannesburg, katika mtaa wa Braamfontein, ardhi inainuka na kuwa kilima. Hapo ndipo lilipokuwa gereza kuu la zamani la jiji, ambamo Mahatma Gandhi na Nelson Mandela, kila mmoja kwa wakati wake, walipata kufungwa. Gereza hilo lilifungwa mwaka 1983, na tangu mwaka 2004 uwanja wake umekuwa makao ya Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini. Si mbali na hapo upo ukumbi mkubwa wa maonyesho wa jiji, uliofunguliwa mwaka 1962. Na katika ujirani huo wa mahakama, gereza na jukwaa, ndipo ilipo Shule ya Taifa ya Sanaa.

Ni shule ya sekondari ya serikali, kuanzia darasa la 8 hadi la 12. Wanafunzi wake husoma lugha, hisabati na masomo mengine kama wenzao kote nchini, na mwishoni hufanya mtihani ule ule wa taifa. Tofauti ni kwamba kila mmoja hubobea katika fani ya sanaa: densi, drama, muziki au sanaa za uchoraji na uchongaji. Aidha, cheti kizuri cha shule ya msingi hakitoshi kumpatia mtoto nafasi. Hana budi kupita usaili, acheze, aimbe, apige ala, aigize, au aweke mezani michoro yake.

Usaili huo unazaa swali ambalo ndilo kiini cha historia hii. Mtoto wa miaka 13 huupata wapi ujuzi wa kuwaonyesha wasaili? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lazima basi awepo mtu aliyemkunja mtoto huyo mapema, akiwa na miaka 7 au 8. Mjini Johannesburg jibu la swali hilo, kwa muda mrefu, lilitegemea rangi ya ngozi.

Tarumbeta la Rosettenville

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kusini mwa jiji, katika kitongoji cha Rosettenville, kulikuwa na shule ya bweni ya Waafrika iliyoitwa St Peter's. Iliendeshwa na watawa wa Kianglikana, na sifa zake zilivuka mipaka ya nchi. Oliver Tambo, aliyekuja kuwa rais wa chama cha ANC, alisoma hapo na baadaye akarudi kufundisha. Waandishi Peter Abrahams na Es'kia Mphahlele nao walipitia madarasa yake.

Msimamizi wa shule hiyo alikuwa padri Mwingereza, Trevor Huddleston. Wasikilizaji wa kusini mwa Tanzania wanalifahamu vyema jina hilo, kwani ndiye aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Pale Rosettenville alikuwa na mwanafunzi mtundu wa miaka 14, Hugh Masekela, aliyekuwa ameiona filamu ya Kimarekani kuhusu mpiga tarumbeta na tangu hapo hakutaka tena kitu kingine. Kijana alimwahidi padri kwamba akipewa tarumbeta ataacha kuwasumbua watu. Huddleston akanunua tarumbeta, na kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya Waafrika mjini humo, aliyejulikana kwa jina la Mjomba Sauda, akaombwa kumfundisha misingi.

Muda si mrefu wanafunzi wengine nao wakaja kudai ala. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa bendi ya Huddleston, ambamo alikuwamo pia Jonas Gwangwa, mpiga tromboni. Mwaka 1956 mwanamuziki mashuhuri wa Marekani, Louis Armstrong, baada ya kusikia habari za vijana hao kutoka kwa Huddleston, aliwapelekea tarumbeta.

Tarumbeta hilo lilipofika, shule yenyewe ilikuwa inakata roho. Mwaka 1953 Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu, iliyoziweka shule za Waafrika chini ya wizara iliyokuwa ikiongozwa na Hendrik Verwoerd. Mwaka 1954 Verwoerd alilieleza Baraza la Seneti kwamba Mwafrika hana nafasi katika jamii ya Wazungu kupita kiwango cha aina fulani za kazi, na kwamba elimu yake ipangwe kwa kuzingatia hilo. Watawa wa St Peter's waliona ni heri kuifunga shule kuliko kuikabidhi. Ilifungwa mwaka 1956, na miaka miwili baadaye majengo yake yakawa shule ya watoto wa Kizungu.

Masekela aliondoka nchini mwaka 1960, akaenda kusomea muziki New York. Gwangwa naye alifuata njia hiyo. Ilibidi wavuke bahari ndipo waketi katika darasa la muziki lenye hadhi.

Sanaa chini ya jina la burudani

Waliobaki walitafuta pa kujifunzia. Katikati ya jiji, katika barabara ya Polly, manispaa ilikuwa na ukumbi wa starehe za Waafrika, na tangu mwaka 1949 yalianza kutolewa humo mafunzo ya uchoraji. Mwaka 1952 alipewa usimamizi mchoraji Mzungu, Cecil Skotnes. Rasmi cheo chake kilikuwa afisa wa burudani. Mafunzo yenyewe hayakuhesabiwa kuwa elimu, na cheti cha kumpeleka mtu chuo kikuu hakikuwapo.

Lakini chini ya kivuli cha burudani kilikua kizazi kizima cha wasanii: Sydney Kumalo, Lucas Sithole, Ezrom Legae, Louis Maqhubela, Durant Sihlali. Walifika baada ya saa za kazi, wengi wao wakiwa watu wa vibarua, wakakata, wakachonga, wakafinyanga udongo, kisha wakawahi usafiri wa kurudi vitongojini, kwa kuwa Mwafrika aliyekutwa mjini usiku bila kibali alikuwa hatarini kukamatwa. Kumalo, aliyeingia kama mwanafunzi, akawa mwalimu mahali hapo hapo. Legae naye akafundisha baada yake. Mnyororo huo, wa mwanafunzi kugeuka mwalimu kwa sababu mwalimu mwingine hayupo, ndio uliobeba elimu ya sanaa ya Waafrika mjini Johannesburg kwa miaka 40.

Kwa upande wa muziki na maigizo, kimbilio lilikuwa jengo la Dorkay House katika barabara ya Eloff. Februari 1959 umoja wa wasanii waliokutana humo ulileta jukwaani mchezo wa muziki ulioitwa King Kong, kuhusu maisha ya bondia Ezekiel Dlamini. Muziki ulitungwa na Todd Matshikiza, na miongoni mwa waimbaji alikuwamo Miriam Makeba. Ulionyeshwa kwanza katika ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na mwaka 1961 ukafika London. Sehemu ya mapato yake ilisaidia kuanzisha mafunzo ya muziki na drama hapo hapo Dorkay House. Kwa maneno mengine, wasanii walijijengea darasa kwa fedha za viingilio.

Itakuwa si haki kusema kwamba serikali haikumfundisha Mwafrika sanaa hata kidogo. Huko Ndaleni, katika jimbo la Natal, kati ya mwaka 1952 na 1981 ilitolewa kozi maalumu kwa walimu Waafrika wa sanaa. Lakini walimu hao walirejea katika shule ambazo mara nyingi hazikuwa na rangi, karatasi wala nafasi katika ratiba.

Mwaka 1966

Mwaka 1966 ndipo ilipofunguliwa Braamfontein shule ya sanaa, baleti na muziki ya Johannesburg. Drama iliongezwa baadaye. Ilikuwa chini ya idara ya elimu ya Wazungu ya jimbo la Transvaal. Hapa kulikuwa na vile vyote ambavyo mafundi wa Polly Street hawakuvipata: walimu walioajiriwa, vyumba vya kufanyia mazoezi, ala na cheti kinachotambuliwa.

Wakati wenyewe unafaa kukumbukwa. Mwaka mmoja kabla, yaani 1965, serikali ilikuwa imepiga marufuku Waafrika na Wazungu kuketi pamoja katika ukumbi mmoja wa maonyesho, au kucheza pamoja jukwaani, bila ya kibali. Shule ilizaliwa ndani ya utaratibu huo. Walimu wake wangeweza kuwa hodari na wanafunzi wake wenye juhudi, na ushahidi upo kwamba walikuwa hivyo. Charlize Theron, msichana kutoka Benoni, alipelekwa huko kusomea baleti akiwa na miaka 13. Goti lilimkatalia njia ya densi, akageukia filamu, na mwaka 2004 akawa mtu wa kwanza wa Afrika ya Kusini kutunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Ubora huo ndio unaoonyesha hasara iliyopatikana. Palipokuwa na mwalimu, chumba na muda, kipaji kilikua. Katika jiji ambalo wakazi wake wengi walikuwa Waafrika, serikali iliamua kwamba vitu hivyo vitatu viwe vya wachache.

Moshi wa Soweto na soko la matunda

Juni 16 mwaka 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi walifyatua risasi. Siku chache baadaye, mwezi huo huo, katika eneo la Newtown, jumba la zamani la soko la matunda lilifunguliwa kuwa ukumbi wa maigizo, Market Theatre, chini ya Barney Simon na Mannie Manim. Ukumbi huo ulipokea wachezaji na watazamaji wa rangi zote tangu mwanzo, huku sheria ikisema vinginevyo.

Maelfu ya vijana walikimbia nchi. Baadhi yao walifika Tanzania, ambako serikali ya Mwalimu Nyerere ilikipa chama cha ANC ardhi ya Mazimbu, mkoani Morogoro, na hapo kikajengwa Chuo cha Solomon Mahlangu. Gwangwa, yule kijana wa tromboni wa Rosettenville, akawa kiongozi wa kundi la sanaa la ANC lililoitwa Amandla, lililozunguka nchi nyingi likisimulia mapambano kwa nyimbo na ngoma.

Waliobaki Johannesburg waliendelea kufungua milango midogo midogo. Mwaka 1978 wasanii Weusi walianzisha chuo cha FUBA huko Newtown, mwandishi Sipho Sepamla akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka huo huo mwalimu wa densi Sylvia Glasser alianzisha kundi la Moving into Dance, lililowafundisha pamoja vijana wa rangi zote. Mwaka 1984 kilifunguliwa Soweto kituo cha Funda. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa jina hilo: kwa Kizulu "funda" ni jifunza na "fundisa" ni fundisha. Mwaka 1989 Market Theatre ilianzisha mafunzo kwa vijana wa vitongojini wenye ari ya kuigiza, na mwaka huo huo mpigapicha David Goldblatt akaanzisha warsha ya upigaji picha katika eneo hilo la Newtown.

Ni kutoka Market Theatre, mwaka 1987, ilikotoka Sarafina!, tamthilia ya Mbongeni Ngema kuhusu wanafunzi wa Soweto, ambayo filamu yake ya mwaka 1992 ilitazamwa Afrika Mashariki kote, katika kumbi za video na sebuleni. Wengi walioiona Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hawakujua kwamba nyuma yake kulikuwa na miaka 30 ya madarasa yaliyofanyika katika masoko, ofisi na kumbi za kuazima.

Lango linafunguliwa

Mwaka 1990 serikali ya makaburu, ikiwa imelemewa, iliruhusu shule za serikali za Wazungu kupokea watoto wa rangi nyingine iwapo wazazi wangepiga kura kukubali. Mwaka 1994 ulikuja uchaguzi wa kwanza wa wote. Mwaka 1996 Bunge jipya likapitisha Sheria ya Shule, inayokataza ubaguzi katika kuandikisha wanafunzi na inayoipa kila shule ya umma bodi ya uongozi yenye wazazi, walimu na, katika sekondari, wanafunzi. Marekebisho ya baadaye yalitambua pia shule za umma zinazolenga vipaji, vikiwemo vya michezo na sanaa. Shule ya Braamfontein ikaanza kulistahili jina la taifa.

Sheria hiyo hiyo iliruhusu wazazi wa shule kujipangia ada kwa kura, kwa sharti kwamba asiyeweza kulipa asamehewe kwa kiasi fulani au kabisa, na kwamba mtoto asikataliwe kwa sababu ya umaskini wa wazazi wake. Tangu mwaka 2007 shule za maeneo maskini zimeachishwa kutoza ada. Lakini shule ya sanaa ni ghali kuiendesha: piano huhitaji kurekebishwa sauti, sakafu ya densi huchakaa, na mwalimu wa fidla hawezi kufundisha watoto 40 kwa mkupuo. Ndiyo maana shule za aina hii haziwezi kutegemea ruzuku ya serikali peke yake.

Lililo zito zaidi, hata hivyo, ni lile la usaili. Mtaala mpya uliotangazwa mwaka 1997 uliifanya sanaa na utamaduni kuwa mojawapo ya maeneo 8 ya lazima kwa kila mtoto hadi darasa la 9. Kwa karatasi, dhuluma ya miaka 40 ilifutwa kwa siku moja. Darasani mambo yalikuwa mengine. Walimu waliotakiwa kufundisha muziki na uchoraji katika shule za vitongoji walikuwa wenyewe watoto wa Elimu ya Kibantu. Wengi hawakuwahi kushika brashi wala kusoma noti. Mwalimu aliyenyimwa somo utotoni alitakiwa alitoe ukubwani.

Binti wa Soweto

Maisha ya mcheza densi Dada Masilo yanaonyesha jinsi pengo hilo lilivyovukwa, na kwa daraja gani. Alizaliwa Soweto mwaka 1985. Akiwa mtoto alicheza mtaani na kikundi cha wasichana wenzake. Densi ya darasani aliianza akiwa na miaka 11 katika kituo cha Dance Factory, huko huko Newtown, katika ujirani wa lile soko la matunda lililogeuzwa ukumbi. Kutoka hapo akaingia Shule ya Taifa ya Sanaa. Baadaye alisoma Cape Town, kisha Brussels, Ubelgiji.

Mwaka 2010 alitunga Swan Lake yake mwenyewe. Wachezaji, wanaume kwa wanawake, walivaa sketi za baleti na kucheza pekupeku, hatua za baleti zikichanganyika na ngoma za Kiafrika, na kisa kikawa cha kijana anayelazimishwa kuoa huku moyo wake uko kwa mwanamume mwenzake. Mwaka 2017 akafuatia na Giselle, ambamo msichana aliyesalitiwa hasamehi kama katika baleti ya zamani. Kazi hizo zilizunguka majukwaa ya Ulaya na Marekani. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Masilo alitunzwa kwao na ugenini pia. Alifariki dunia Johannesburg tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 39.

Ukizihesabu hatua zake, msikilizaji, utaona kwamba shule ya umma ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa kituo kidogo cha mtaani kilichompokea kabla hajawa na chochote cha kuwaonyesha wasaili. Bila ya Newtown, lango la Braamfontein lingekuwa wazi mbele yake naye asingekuwa na sababu ya kulikaribia.

Swali lililobaki

Hugh Masekela alifariki dunia tarehe 23 Januari 2018. Jonas Gwangwa alimfuata tarehe hiyo hiyo, miaka mitatu baadaye. Wote wawili walijifunza kwa sababu padri mmoja aliamua kununua ala, na mwongoza bendi mmoja akakubali kufundisha. Kizazi cha Polly Street kilijifunza kwa sababu afisa wa burudani alikataa kuishia kwenye burudani.

Afrika ya Kusini ilishinda vita vya kufungua lango. Sasa ina shule ya serikali ambayo mtoto wa Soweto na wa Sandton wanaweza kusimama mbele ya wasaili wale wale. Lakini mmoja wao huenda amefika na miaka 6 ya masomo ya piano, na mwingine na sauti yake tu. Sheria haiwezi kulisawazisha hilo siku ya usaili. Linasawazishwa miaka mingi kabla, katika shule za msingi na katika kumbi ndogo za vitongojini, zile ambazo katika siku ngumu kabisa ziliendeshwa bila ya fedha na bila ya ruhusa.

Kumbi hizo hazikuwa na cheti cha kutoa wala jina la taifa. Kama leo zitaachwa zifungwe kwa kukosa fedha, huku lango la shule kubwa likiwa wazi, itakuwa ajabu ya historia kwamba uhuru umeshindwa kulinda kile ambacho ubaguzi wa rangi ulishindwa kukiua.